Siku Fundi Aliposhuka Shimoni

Wifi yangu ana jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, ila ukilitaja hapa kwetu watu watakukodolea macho. Sema Geuka, utapelekwa mpaka mlangoni. Jina hilo alilipata kazini, na kazi yake ni kuonyesha watu shimo.

Nimesema "kuonyesha watu shimo" kwa sababu ndivyo ilivyokuwa ikisemwa nyumbani, tena kwa kejeli, huku mdomo umepindishwa. Ukweli ni kwamba shimo lenyewe si la taka wala la choo. Ni mahali kilipoangukia kimondo, zamani sana, kabla hajazaliwa mtu wa kushuhudia. Jiwe la chuma lilitoka juu, likapiga ardhi, ardhi ikafumuka, na pakabaki bakuli kubwa la mawe lililo duara kabisa. Mtu aliye ng'ambo humtambui kwa sura, unamtambua kwa rangi ya shati lake. Watu hupanda ndege kuja kulitazama. Mimi ndiye ninayewakatia tiketi, kwenye kibanda cha bati pale getini, chenye dirisha dogo, feni isiyozunguka na kiti nilichokipachika mto wangu mwenyewe. Kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyaona, sikusimuliwa.

Zamani wageni walikuwa wakipanda wenyewe. Kwa nje huoni shimo. Unaona kilima cha kawaida, vichaka, ngazi za mawe na ukuta mfupi kule juu ukingoni. Mtu akipanda huku shingo kairefusha, shimo linamjia kidogo kidogo: kwanza ukingo wa ng'ambo, halafu kuta, halafu chini. Akifika juu ameshalizoea kabla hata hajaliona. Nilikuwa nawasikia wakirudi getini. "Ndiyo lile?" wanaulizana, kisha wanaulizia soda.

Wifi yangu wakati huo alikuwa mfagiaji wa ngazi. Alikuwa akiwasikia kama mimi, lakini mimi niliishia kucheka. Yeye ilimuuma. Aliniambia kwamba shimo linaonewa. Nikamwambia shimo halina moyo, lifagie uende zako. Siku moja ikaja familia moja, baba, mama na watoto, na mwongoza wageni wa siku hiyo alikuwa mgonjwa. Wifi akaweka ufagio chini. Akawaambia wapande kawaida mpaka zikibaki ngazi chache, hapo wageuke, walipe shimo mgongo, washike bomba la pembeni na wapande kinyumenyume mpaka waguse ukuta. Akawapanga mstari. Akasubiri wanyamaze. Ndipo akasema, "Haya, geuka."

Yule baba alikaa chini palepale. Mkewe akashika bega la mtu aliyedhani ni mumewe, kumbe ni la mlinzi. Waliporudi getini hakuna aliyeulizia soda. Mkubwa wetu wa kazi alipopata habari alicheka kwanza, akasema wifi anataka kuwafanya wageni vichekesho. Kisha naye akapanda kinyumenyume akaambiwa ageuke, na mwezi uliofuata wifi akapewa sare ya mwongoza wageni na kibendera chekundu cha kukusanyia wanaopotea.

Tangu hapo nimeona mengi kupitia yeye. Nimemwona bwana mmoja aliyepanda ngazi zote akiongea na simu, akageuka, akaishusha simu taratibu huku mwenzake upande wa pili akisema halo, halo. Nimewaona watu waliogombana ndani ya basi wakishuka wameshikana mikono. Na jambo ambalo mimi humvulia kofia ni hili: kila kundi analolipandisha, naye hulipa shimo mgongo, naye hugeuka pamoja nao. Nimemchunguza uso wakati huo. Mimi shimo nimelizoea kama nilivyozoea mlango wa jikoni kwangu. Yeye kila siku ni mgeni.

Sasa nimwingize mama mkwe wangu, ambaye mji mzima humwita Fundi. Huyu alikuwa fundi cherehani, na si wa kubabaisha. Alikuwa na duka dogo lenye meza ya kukatia, pasi ya mkaa na majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani. Mkono wake ulikuwa ukijua mwili wa mtu kabla ya futi kukunjuliwa. Alikuwa na ulimi mkali na sheria moja isiyo na rufaa: anayeingia dukani kwake aamkie kwanza. Mlinzi wetu aliwahi kuingia kufuata suruali ya sare akasema tu, "Imeshaisha?" Fundi akaendelea kukanyaga cherehani. Ikabidi mlinzi atoke nje, abishe hodi, aingie upya, aseme shikamoo, aitikiwe marahaba, ndipo suruali ikapatikana. Hajasahau mpaka leo.

Fundi alimfundisha bintiye cherehani tangu alipoweza kufikisha miguu. Duka lingekuwa lake. Siku binti aliposema anakwenda kufagia ngazi za shimoni, Fundi akamuuliza kitambaa kimemkosea nini. Wifi akajitahidi kueleza. Fundi akasema, "Ni shimo tu," na akaapa kwamba hatakanyaga huko. Hata sare ilipokuja, hata watu walipoanza kumwita mwanawe Geuka kwa heshima, msimamo ukawa uleule. Mama na binti walipendana, msinielewe vibaya. Walikula sahani moja. Ila kazi haikutajwa mezani.

Halafu macho ya Fundi yakaanza kwenda. Presha ya macho, walisema hospitali, na ilikuwa imechelewa. Akashona mpaka aliposhindwa kuona tundu la sindano, akashona kidogo baada ya hapo kwa ubishi, kisha akafunga duka. Sote tunaishi nyumba moja: yeye, wifi, mimi na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na ndiye kaka yake Geuka. Mchana Fundi alibaki peke yake, jirani akimchungulia. Siku moja akabandika chai mwenyewe, upindo wa mtandio ukashika moto. Jirani aliwahi. Hakuungua ila mkono kidogo, lakini sote roho zilituruka.

Jioni hiyo mume wangu akaitisha kikao sebuleni. Akasema mmoja wetu, mimi au dada yake, aache kazi abaki na mama. Alisema "mmoja wenu", lakini macho yake yalikuwa kwa dada yake. Tiketi, kwa maelezo yake, ni kazi ya ofisi. Ila ile nyingine, alisema huku akitafuta neno lisiloumiza na kulikosa, ile nyingine ni kuonyesha watu shimo. Nilifungua mdomo kumjibu. Wifi akanikanyaga mguu chini ya meza. Yeye ambaye mchana kutwa huwanyamazisha wageni kwa maneno matamu, mbele ya mama yake hana neno.

Sote tukamgeukia Fundi, kwa sababu nyumbani kwetu yeye ndiye mwenye la mwisho. Fundi akapapasa bandeji yake. Akasema hawezi kukata kitambaa ambacho hajakishika. Apelekwe kwanza kwenye hilo shimo, ndipo atasema ni kazi ya kuachwa au si ya kuachwa.

"Mama, utalionaje?" mume wangu akauliza, kwa upole.

"Hilo ni juu ya huyo mwenye kazi ya kuonyesha," Fundi akajibu.

Tulipokuwa tunaosha vyombo wifi alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha takata zamani. Nikamwambia mama amekubali walau kwenda, hiyo ni hatua. Hakuniangalia. "Akifika kule akasema ni shimo tu, nitavua sare kesho yake," akasema. "Na si kwa sababu ya kaka. Nitavua kwa sababu nitamwamini." Nilimfahamu vizuri. Maisha yake yote mkono wa mama yake ndio uliokuwa ukipima kitu gani kimekaa sawa na kipi kimepinda. Nikampokonya sufuria nikaisuuza mwenyewe.

Tukachagua siku yenye wageni wachache. Fundi alivaa gauni lake la kutokea na viatu vya kamba. Getini akagoma kupita bure. Alisema hakuja kwa undugu, amekuja kama mgeni, basi akatiwe tiketi. Nikaingia kibandani nikakata tiketi, nikampitishia dirishani, akaikunja akaitia kifuani. Nikafunga dirisha, nikatundika kile kibao cha "Narudi sasa hivi", nikaenda kumshika mkono wa pili. Mlinzi hakuwepo mlangoni, alikuwa ameenda kunywa chai, na nilishukuru kimoyomoyo, maana sikutaka watu washuhudie jambo ambalo lingeweza kuharibika.

Tukaanzia chumba cha maonyesho, ambacho kina picha ukutani na kipande cha kimondo juu ya meza. Wageni huruhusiwa kukinyanyua. Wifi akauweka mkono wa mama yake juu yake. Fundi alikipapasa pembe zote, akakinyanyua, akashangaa kidogo kwa uzito. "Kama pasi yangu," akasema, akakirudisha mezani. Wifi akaniangalia kwa tumaini. Ulikuwa mwanzo mzuri.

Tukapanda. Miguu ya Fundi haina kasoro, miaka ya kukanyaga cherehani imeikomaza, mimi ndiye niliyekuwa nikihema. Zilipobaki ngazi chache, wifi akamgeuza mama yake, akamwekea mkono kwenye bomba, akampandisha kinyumenyume kwa uangalifu kama anayepandisha meza ya kioo. Mgongo wa Fundi ukagusa ukuta. Wifi akasimama kando yake, naye amelipa shimo mgongo. Akasubiri tunyamaze. Kisha ulimi ukamponyoka, kwa mazoea tu.

"Haya, geuka."

Fundi akageuka. Akasimama pale ameelekeza uso shimoni, upepo ukimcheza mtandio, macho yake meupe yamefunguka.

"Nimegeuka," akasema. "Kisha?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ingawa mahali pale ilishapasuka vya kutosha. Wifi alikuwa amefumba macho. Kwa miaka yote hiyo kazi yake ilisimama juu ya neno hilo moja, na sasa lilikuwa limetoka mikono mitupu. Akajikaza, akasema tushuke chini, labda chini atalihisi vizuri zaidi.

Njia ya kushukia ni nyembamba lakini imara. Huku tunashuka wifi akawa anamweleza vipimo, mita hizi za kina, mita zile za upana. Fundi akamwambia yeye hajui mita za shimo, anajua za kitambaa. Akauliza: kulizunguka hilo shimo kungehitaji majora mangapi? Wifi akajaribu kupiga hesabu, akapotea. Fundi akasema basi, asijisumbue. Alisema kwa adabu, jinsi alivyokuwa akimwambia mteja kwamba rangi hiyo haimkai.

Tukafika chini. Pale katikati ni tambarare, mchanga mgumu na majani makavu. Wifi akamsimamisha mama yake mahali ambapo huwasimamisha wageni.

"Hapa ndipo kilipopiga, mama."

Fundi akakanyagakanyaga. "Mbona kama uwanja wa shule."

"Upepo umekatika, umesikia? Kule juu ulikuwa mkali. Ni kuta hizi zimetuzunguka."

"Hata chumbani kwangu hakuna upepo, mwanangu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma. Wifi akachuchumaa, akachota mchanga, akamtilia mama yake kiganjani, na mchanga ni mchanga, uko hata nje ya mlango wetu. Fundi akaupepeta kwa vidole akauachia. Nikaona mabega ya wifi yanashuka. Akasema, "Mama, ndilo hili. Sina lingine la kukuonyesha." Nikajua ndani ya kichwa chake ameshaanza kufungua vifungo vya sare.

Ndipo juu kabisa nyuma yetu ikaja sauti.

"Shikamoo, Fundi."

Alikuwa mlinzi. Amerudi kutoka kwenye chai, akaambiwa Fundi amepita, na yeye hakumwamkia. Mtu aliyewahi kunyimwa suruali hawezi kungoja mpaka Fundi arudi getini. Alikuwa amepanda mbio mpaka ukingoni, akaweka mikono mdomoni, akaamkia kwa nguvu zake zote.

Fundi akageuka mzima mzima. "Marahaba," akapaza. Kisha akatuuliza chini chini, "Nani huyo, na amepanda juu ya paa la nani?"

Nikamwambia ni mlinzi, na hayuko juu ya paa lolote, yuko ukingoni tulikotoka. Fundi alikuwa ameinua kidole kuelekea sauti ilikotokea, na kidole kiliinuka, kikainuka tena. "Kule kote?" akasema. Lakini alikuwa bado hajamaliza, kwa sababu marahaba yake mwenyewe ilikuwa imefika ukuta wa ng'ambo na ikamrudia, nyembamba, kutoka mgongoni. Akageukia huko. Akauliza ni nani mwingine yule. Wifi akamwambia ni yeye mwenyewe, ni sauti yake imegonga ukuta ikarudi. Fundi alikuwa ametega sikio kama siku zile alipokuwa akisikiliza cherehani lenye kasoro.

Kwenye ukingo wa ng'ambo kuna kantini. Mpishi alikuwa amesikia kelele akatoka na aproni yake, akajua ni Fundi, aliyemshonea gauni la harusi. Asingekubali kupitwa na mlinzi. "Shikamoo, mama," akaita. Fundi akaitikia, na kile kidole chake kikasafiri hewani kutoka kwa mlinzi mpaka kwa mpishi, polepole, kikipita juu, kama anayefuata pindo la gauni kwa kupapasa.

Wifi alikiona kile kidole. Nilikuwa nimesimama karibu naye na niliona uso wake unavyobadilika. Akachomoa kibendera chekundu mfukoni. Akamwashiria mlinzi asogee kushoto, akamwashiria mpishi asogee kulia, akawaita kwa bendera wafagiaji waliokuwa wameegemea ukuta, dereva wa basi la wageni, na wageni wenyewe waliokuwa ukingoni wakipiga picha na wasijue kinachoendelea. Mlinzi akawaelewesha kwa mikono. Wakatawanyika kuzunguka mdomo wa shimo, mmoja hapa, mwingine mbali kidogo, mpaka duara likafunga. Kisha wifi akanyoosha bendera kwa wa kwanza, na wa kwanza akaamkia. Akaihamishia kwa anayefuata.

Shikamoo zikaanza kuzunguka. Moja baada ya nyingine, kila moja kutoka hatua kadhaa mbele ya iliyopita, zote kutoka juu, zote kutoka mbali. Fundi hawezi kuacha shikamoo bila marahaba, hata umwamshe usingizini. Basi akawa anaitikia na kugeuka, anaitikia na kugeuka, miguu yake ikizunguka taratibu mchangani, kidole kimeinuliwa. Wageni nao waliamkia. Walivyolitamka neno lenyewe sisemi, lakini Fundi aliitikia zote, akamtaka mgeni mmoja arudie vizuri, naye mgeni akarudia. Nimefanya kazi pale miaka na miaka, na siku hiyo ndipo nilipojua nafanyia kazi mahali gani.

Sauti ya mlinzi ikaja tena, palepale ilipokuwa mara ya kwanza.

"Huyu nilishamsikia," Fundi akasema.

"Ndiyo, mama," wifi akamwambia. "Umemaliza mzunguko."

Fundi akashusha mkono. Huko juu watu walikuwa wakimtazama. Kisha akauliza, tena kwa sauti ya mtu aliyeogopa kidogo, kama yote haya yalifanywa na ile pasi aliyoishika mezani. Wifi akamwambia ile ilikuwa chembe tu iliyobaki, jiwe lenyewe liliteketea. Fundi akatikisa kichwa. Akasema yeye amekata vitambaa maisha yake yote, na hajawahi kuona mkono uliokata duara namna hii kwa pigo moja.

Nikadhani yamekwisha. Wifi naye alidhani hivyo, alikuwa akijifuta uso kwa kibendera. Lakini Fundi akamwambia kwamba wote wamemwamkia isipokuwa yeye. Wifi akasema alimwamkia asubuhi, kabla ya chai. Fundi akasema asubuhi alikuwa mwanawe, sasa anamtaka mwongoza wageni. Apande juu.

Wifi akapanda. Tulibaki wawili. Alipokuwa mbali, Fundi akaniuliza wale wageni husimamaje kabla ya kuambiwa wageuke. Nikamwambia hulipa shimo mgongo.

"Basi mkwe wangu, mwanangu akifika juu, nielekeze mgongo kwake. Na wewe funga domo."

Nikafanya nilivyoambiwa. Wifi alifika ukingoni, akashika ukuta, akatazama chini, akaona mgongo wa mama yake. Nilimwona kasimama tu. Kisha akaita, "Shikamoo, mama."

Fundi hakuitikia.

Akaita tena. Sauti ilipita juu yetu ikagonga ng'ambo ikarudi, na Fundi, aliyekuwa ameitikia mlinzi, mpishi, wafagiaji na wageni wasiojua hata wanachokisema, akanyamaza. Wifi alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nauma ulimi, maana nimekatazwa kusema. Fundi akanong'ona kwa upande wa mdomo, "Anangoja nini yule? Kasahau kazi yake?"

Sijui ni nini kilichomfikia kule juu. Labda aliona jinsi mama yake alivyosimama, mikono pembeni, amenyooka, kama wasimamavyo wageni wote. Nilimwona anashusha mkono mdomoni.

"Haya, mama. Geuka."

Fundi akageuka. Aligeuka polepole, hakukosea hata kidogo, akainua uso mpaka ukamkabili mwanawe sawasawa pale alipo. Akafungua mikono.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Hakupaza sauti, lakini shimo lile huchukua sauti likaipeleka. "Nimeliona."

Huko juu wifi yangu alikaa chini palepale, kama yule baba wa kwanza kabisa.

Jioni mume wangu alitukuta mezani. Alikula kidogo, akakohoa, akamuuliza mama yake amelionaje hilo shimo. Fundi akasema hakuna anayeacha kazi. Yeye ndiye atakayekwenda nasi kila asubuhi, kibanda cha tiketi kina nafasi ya kiti cha pili, na vifungo vya sare za watu anaweza kuvishona kwa kupapasa. Mume wangu akaanza kusema, lakini mama, usumbufu wote huo kwa ajili ya shimo tu.

"Wewe umewahi kulifikia?" Fundi akamuuliza.

Mume wangu hupita barabara ile na lori lake tangu alipopata leseni. Akatazama sahani yake. Hajawahi.

Kesho yake nilimkatia tiketi mimi mwenyewe, bei kamili, ingawa aliniita mke wangu mpenzi pale dirishani. Fundi alikuwa ameketi kando yangu na kopo la vifungo mapajani. Nikachungulia nje nikamwambia kwamba mwanawe ameshafika ngazi za mwisho, dada yake anamsihi, naye anabisha, anapanda akiangalia mbele. Fundi akaweka sindano chini, akapapasa mpaka akapata dirisha, akatoa kichwa nje.

"We mtoto," akapaza sauti, "sikiliza mwenye kazi yake. Geuka."